Naomba ushauri: yutiliti (ridhiko mtu analopata akitumia kitu) inapimwa kwa namba au inapangwa tu kipi kinazidi kipi?

Wadau habarini, niko Tanga hapa Ngamiani nafundisha tuisheni ya uchumi fomu siksi, sasa kuna kijana kanibana kweli, anasema kwenye noti tunaandika chungwa la kwanza yutili 10 (yutili ndiyo kipimo cha hiyo yutiliti) la pili 7, hizo namba zimetoka wapi na mizani yake iko wapi? Nikamwambia hata mchumi Edgeworth mwaka 1881 aliwaza chombo cha kupima raha ya mtu kila dakika kikaishia kuwazwa tu, akaja mchumi mwingine Pareto akasema raha ni kiasi gani haituhusu, inatosha kujua mtu anapenda kipi zaidi, halafu wachumi Hicks na Allen 1934 wakaijenga nadharia nzima juu ya kupanga bila kupima. Hapo wanafunzi wakanielewa.

Kasheshe ni mwanahisabati von Neumann na mchumi Morgenstern 1944, hawa wakarudisha namba! Ila wao wanaangalia mtu akichagua kati ya cha uhakika na cha kubahatisha, siyo utamu wa chungwa la Muheza (hata walimu wenzangu wanachanganya hapa).

Sasa mliowahi kufundisha, hii ya 1944 mnaianzaje ili wasidhani ni zile yutili za mwanzo? Au niiache kabisa mpaka wafike chuo?