Grafu ya mhamo inayumba ingawa kioo kinatembea kwa kasi moja

Swali: Wakuu, nisaidieni. Intaferomita yangu (kifaa cha kupima mwendo wa kioo kwa mawimbi ya mwanga) ni ya Michelson, leza ya heli-neoni nanomita 632.8, fotodiodi (vihisi mwanga) mbili: moja inatoa ishara ya saini, nyingine ya kosaini. Grafu ya mhamo (umbali ambao kioo kimesogea) inayumba kama nanomita 5 juu na chini, na inajirudia kila nanomita 316. Nimezima hadi feni, wapi!

Jibu: Feni umeionea bure. Nanomita 316.4 ni nusu ya urefu wa wimbi, mzunguko mmoja wa mwanga na giza. Mtikisiko wa meza utaujuaje urefu huo? Chora saini dhidi ya kosaini, upate duara. Nadhani kitovu cha duara kimehama sifuri. Kosa lingejirudia mara mbili kwa mzunguko, ningeshuku duaradufu: ukuzaji wa ishara mbili haulingani au fezi (tofauti ya pembe kati yake) haijafika nyuzi 90. Rekebisha hayo kabla ya kukokotoa pembe. Ndiyo njia ya kusahihisha aliyoichapisha Heydemann, 1981.

Muulizaji: Kweli, kitovu kilikuwa volti 0.12 kulia! Nimeitoa, imebaki chini ya nanomita 1. Ila nikifika milimita 20 kwa sekunde, hesabu ya mizunguko inaruka.

Jibu: Unachukua sampuli ngapi?

Muulizaji: 100,000 kwa sekunde.

Jibu: Hazitoshi. Kati ya sampuli mbili kioo kisivuke nanomita 158 (nusu ya mzunguko), yaani mwisho wako ni kama milimita 15.8 kwa sekunde.