Kadi za kubashiri nilizochora mwenyewe, watu watazipokeaje?

Wakuu habari zenu, mimi nachora Tingatinga hapa Dar, tamasha la sanaa la mtaani limekaribia na nataka niweke meza, mtu anachagua kadi tatu nilizochora kwa mkono halafu tunaongea maisha yake, ila naogopa wataniita mpiga ramli. Nifanyeje?

— Dada usiite utabiri kabisa. Pwani ramli ni jambo zito, Waislamu na walokole wote watapita mbali. Mwache mtu aseme mwenyewe anaona nini, wewe uliza tu.

— Mbona wakubwa wameshafanya, msanii Mfaransa Niki de Saint Phalle alijenga bustani nzima Italia ya masanamu ya zile kadi 22 kuu za taroti, yaani kadi za kubashiri za Wazungu, ikafunguliwa 1998. Ila wewe chora vya kwetu, mbuyu, kunguru, daladala, na nyuma andika jina la kanga, mtu akigeuza akakuta "Mvumilivu hula mbivu" maongezi yanaanza yenyewe!!

— Naunga mkono hiyo ya kanga. Na chonde dada usimtajie mtu ugonjwa wala kifo, wengine wanakuja na machozi yao. Halafu rangi ya mafuta iache ikauke vizuri la sivyo kadi zitagandana.