Mafundi, acheni kuzifuta simu za watu kwa ajili ya arifa za Chrome

Kipanga wa Mkunazini

Assalaam aleikum jamani.

Uzi huu nimeufungua kulalamika, na hasira sitoificha. Simu inapelekwa kwa fundi, iwe Darajani, Mlandege au Chake, kwa sababu kutwa inalia na kutoa matangazo: simu yako ina virusi, umeshinda zawadi, mkopo wa haraka, picha ambazo mtu mzima hawezi kuzitazama mbele ya watoto. Fundi anaishika dakika moja, anasema imeingia virusi, inataka kuflashiwa, yaani mfumo wake ufutwe na uandikwe upya. Picha za harusi zinakwenda. Sauti za WhatsApp za mzee aliyekwishafariki zinakwenda. Namba za jamaa wa Oman zinakwenda. Na mwenye simu analipa pesa juu yake, kwa tatizo ambalo mara nyingi ni ruhusa moja tu ndani ya Chrome, inayoondoshwa bila kugusa hata picha moja.

Tangu 2015 Chrome ina uwezo wa kupokea arifa za tovuti. Ukurasa unauliza, wewe unabonyeza "Ruhusu", na kuanzia hapo wenye ukurasa wana anwani ya kukutumia ujumbe wakati wowote, hata kama ukurasa umeufunga, hata kama Chrome hujaigusa tangu asubuhi. Ujumbe unapitia seva za Google kama zinavyopitia arifa za programu nyengine. Ndiyo maana antivirasi inakagua simu nzima na haioni kitu: hakuna faili la kuliona, kuna ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Na ndiyo maana kufuta historia ya kuvinjari peke yake hakusaidii. Kunyamazisha Chrome nzima kwenye mipangilio ya simu nako kunaficha tu, ruhusa inabaki pale pale.

Hila yenyewe ni moja, inarudiwa kila pahala. Mtu anatafuta mpira wa moja kwa moja, tamthilia, kaswida za kushusha, matokeo ya mitihani. Linatokea duara linazunguka na maneno "Bonyeza Ruhusu uthibitishe kwamba wewe si roboti". Ukikataa, unarushwa kwenye domeni (anwani ya tovuti) nyengine inayokuuliza tena, na nyengine tena, mpaka uchoke ukubali. Jaribio la kweli la roboti halihitaji ruhusa ya arifa hata siku moja. Ukiona kisanduku cha arifa kimetiwa maneno ya roboti, ya umri au ya kucheza video, funga kichupo. Usibonyeze kurudi nyuma, kwa sababu kurasa hizi hujaza historia ya kichupo na kila ukirudi unaangukia tangazo jengine.

Dawa ya simu ya Android ni hii. Fungua Chrome, vidoti vitatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Bonyeza kila usiyoijua, uizuie au uiondoe. Majina yake utayatambua, ni herufi zisizosomeka au domeni zenye mwisho wa ajabu ajabu. Ukishamaliza, zima kabisa swichi ya juu, ile ya tovuti kuuliza ruhusa. Wengi wanaogopa kuizima wakidhani WhatsApp itanyamaza. WhatsApp haihusiki hata kidogo, hizi ni za tovuti tu.

Njia fupi zaidi: arifa ya uchafu ikitokea, usiifungue. Ibonyeze kwa muda bila kuachia. Utaona imetoka Chrome na jina la domeni lipo, na pale pale unaizima.

Fundi anayeruka hatua hizi na kwenda moja kwa moja kwenye kuflashi ama hajui kazi au anajua na anakula pesa ya mtu. Na akiifuta simu kwa vitufe bila kuondoa akaunti ya Google kwanza, ikiwaka itadai akaunti ile ile ya zamani. Bibi ambaye akaunti alifunguliwa na mjukuu aliyeko Muscat anabaki na simu iliyofungwa. Hapo atalipishwa mara ya pili.

Fundi Mlandege

Bwana Kipanga, hasira yako ina haki lakini usitutie sote kapu moja. Kuna maradhi manne tafauti na wewe umeeleza moja. Linalotakiwa ni kupima kabla ya kutibu.

Arifa zinaonekana kwenye upau wa juu zikiwa na alama ya Chrome. Hizo dawa yake umeshaitoa.

La pili, ukurasa unakurusha kwengine ukigusa popote, lakini kwenye tovuti fulani tu. Hapo simu ni nzima, mgonjwa ni tovuti. Mguso wa kwanza umeunganishwa na msimbo wa tangazo. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, na hiyo inamaliza mengi.

La tatu ndilo lenye kazi: tangazo linajaza kioo ukiwa hujafungua kivinjari chochote, unafungua tu simu, au umo kwenye kikokotoo. Hiyo ni programu iliyowekwa, na mara nyingi imeingia kwa APK ya mkononi, yaani faili la programu lisilotoka Play Store: WhatsApp za rangi zisizo rasmi, programu za mpira wa bure, tochi, za kusafisha simu. Likitokea tangazo usilifunge. Bonyeza kitufe cha programu za karibuni utazame alama na jina la mwenye dirisha. Kama jina ni tupu au linajifanya la mfumo, nenda Mipangilio, Programu, tafuta ruhusa maalumu ya kuonyesha juu ya programu nyengine. Orodha ya wenye ruhusa hiyo huwa fupi, na mwizi mara nyingi yumo. Kumbuka programu hizi huficha alama yake kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa hiyo mtafute ndani ya orodha nzima ya programu.

Kama kitufe cha kuondoa kimefifia, imejifanya msimamizi wa kifaa. Nenda Usalama, programu za usimamizi wa kifaa, ivue cheo kwanza ndipo uiondoe. Kama matangazo hayakupi nafasi hata ya kufika huko, washa simu katika hali salama: shikilia kitufe cha kuzima, kisha bonyeza kwa muda neno la kuzima mpaka ikuulize. Simu nyengine zina njia yake ya vitufe. Humo programu zote za kuongeza hulala, unaiondoa kwa utulivu. Halafu funga mlango ulioingilia. Tangu Android 8 ruhusa ya kuweka programu zisizojulikana hutolewa kwa kila programu peke yake, basi izime kwa Chrome, kwa WhatsApp na kwa programu ya mafaili.

Sasa kwenye kuflashi. Zipo simu za bei nafuu zilizotoka na uchafu ndani ya mfumo wenyewe. Mwaka 2019 Google ilithibitisha kwamba programu hasidi ya Triada ilipandikizwa kwenye baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi. Mwaka 2020 Kaspersky wakaeleza namna nyengine, xHelper, inavyojichimbia kwenye sehemu ya mfumo, hata kurudisha simu hali ya kiwandani hakuiondoi. Simu ya namna hiyo inataka mfumo mzima uandikwe upya, tena kwa faili safi. Na hapa nawasema mafundi wenzangu: faili la mfumo lililookotwa popote pale linaweza kuwa na uchafu ule ule. Unaflashi ugonjwa juu ya ugonjwa.

La nne nawaachia wa ruta.

Bint Wete

La nne nalichukua, na nina lalamiko langu la kompyuta.

Ruta kwanza, ni fupi. Simu ikirushwa ovyo kwenye Wi-Fi lakini ikitulia ukihamia bando, simu haina kosa. Mara nyingi mtu ameingia kwenye ruta na kubadilisha DNS (huduma inayoelekeza jina la tovuti kwenye anwani yake), kwa sababu neno la siri la usimamizi ni lile lile la kiwandani. Khasa nyumba za wageni, angalieni zenu. Ingia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, rudisha DNS ya mtoa huduma au weka 1.1.1.1 au 9.9.9.9, badilisha neno la siri, zima usimamizi wa kutoka nje, sasisha mfumo wa ruta. Ukibadilisha DNS ukaacha neno la siri, atarudi.

Sasa kompyuta za maduka ya kuchapisha na za skuli. Mtu anataka kugeuza PDF, anashusha programu ya bure, anabonyeza endelea, endelea, endelea, na visanduku vilivyokwishatiwa alama vinaingiza kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza ndani ya kivinjari) kinachoteka ukurasa wa kutafutia. Mwalimu analalamika, anaambiwa Windows imeharibika, ipigwe upya. Kazi za darasa zima zinapotea! Jamani, tazameni kwanza.

Bonyeza kulia alama ya Chrome, ingia "Properties", soma mstari wa "Target". Kwa kawaida huishia kwenye chrome.exe na alama ya kufungia nukuu. Ikifuata anwani ya tovuti, ifute. Kisha vidoti vitatu vya Chrome: ukikuta ujumbe kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika wakati kompyuta ni yako binafsi, kuna sera (amri za kukisimamia kivinjari) zimeandikwa kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Andika chrome://policy uzione. ExtensionInstallForcelist ndiyo inayokirudisha kiendelezi kila ukikitoa, na ndiyo inayofanya kitufe cha kukiondoa kisifanye kazi.

Utaratibu una maana hapa. Anza na Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, futa kazi yoyote inayofungua kivinjari au skripti usiyoijua, kwa sababu hiyo ndiyo inayoandika sera upya. Ondoa programu iliyoingia siku tatizo lilipoanza. Ndipo ufungue CMD (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
reg delete "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f

Ikisema ufunguo haupo kwenye mmojawapo, endelea tu. Zima na uwashe. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya ofisi yenye kitengo cha TEHAMA, huenda sera ni zao kwa haki. Pitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha matangazo, baada ya hapo, na kagua mipangilio ya proksi (seva ya kati ya mtandao) isiwe imewashwa.

Kitu kimoja kinachowazunguka wengi: mtu anapiga Windows upya, anaingia akaunti yake ya Google, na kiendelezi kile kile kinashuka tena kwa usawazishaji. Kiondoe kwenye akaunti kabla hujafuta chochote.

Kipanga wa Mkunazini

Dada Bint Wete na Fundi, nimewaelewa. Fundi, hiyo ya Triada nakubali, lakini mteja aonyeshwe ushahidi na ahifadhiwe vitu vyake kwanza. Asiambiwe virusi kwa kutazamwa uso wa simu.

Nimalizie na nyinyi wenye tovuti za khabari na nyimbo hapa visiwani. Mnachukua msimbo wa matangazo ya arifa kwa senti chache na mnawauza wasomaji wenu, wakiwemo wazee wasiojua walichokibonyeza. Wengine hata hamjui kwamba mnao, kwa sababu mlichukua mandhari (muundo wa tovuti) ya WordPress ya wizi na msimbo umo ndani ya faili lake la functions.php. Tafuteni kwenye folda kuu ya tovuti faili la sw.js, lile linalopokea arifa ndani ya kivinjari, au la jina la kufanana nalo ambalo hamkuliweka. Msilifute tu. Waliokwishakubali bado wamesajiliwa, na vivinjari vyao vinaendelea na nakala ya zamani. Wekeni faili jipya kwa jina lile lile, ndani yake amri ya self.registration.unregister(), ili kivinjari kikija kulikagua upya usajili ukatike. Liacheni hapo miezi, maana kuna simu zinazowekwa bando mara moja kwa mwezi.