Wireshark, tcpdump au swichi mpya? Saiba ya mashine 12

saiba_roysambu
Wadau, habari za jioni. Nina saiba hapa Roysambu, mashine 12. Kila siku kuanzia saa nane mchana mtandao unakwama: mteja anajaza fomu ya kodi, ukurasa unagoma, ananitazama kana kwamba nimemlia pesa. Nataka kujua ni nani anamaliza laini. Nitumie Wireshark au tcpdump, zile programu za kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni), au niteremke madukani Luthuli nikanunue swichi mpya, kile kifaa cha kuunganisha kebo za mashine? Niko na elfu 8.

waya_mkavu
Rauta gani? Swichi gani? Laini ni megabiti ngapi? Umekuja kwa daktari ukasema "naumwa" ukanyamaza.

kibarua_wa_seva
tcpdump, mjadala umeisha. Ipo tangu 1988. Wireshark ukiiacha inase mchana kutwa itameza RAM yote. tcpdump ipe -C 100 -W 10 pamoja na -w, itazunguka kwenye faili 10 tu, diski haijai.

saiba_roysambu
Mashine zote ni Windows. Swichi ni ya poti 16, ile ya kawaida tu.

waya_mkavu
Basi hapo ndipo utakwama. Swichi humpelekea kila mmoja pakiti zake. Ukichomeka laptopu kando utanusa zako mwenyewe na kelele za ARP, yaani mashine zikiulizana anwani. Nunua swichi inayonakili poti moja kwenda nyingine, programu baadaye.

mama_kebo
Si lazima. Nilikuwa nikiangalia mtandao wa hosteli moja Ngara. Kila jioni nusu ya wanafunzi hawana intaneti, nusu wako sawa. Siku tatu nzima nilipigia kampuni ya intaneti kelele, nikabadilisha kebo, nikabadilisha hata swichi kwa pesa zangu. Siku ya nne nikafungua Wireshark, nikaandika dhcp (mfumo wa kugawia mashine anwani) kwenye kichujio, nikaiambia laptopu iombe anwani upya. Majibu yakaja mawili! Moja kutoka kwa rauta yetu, lingine kutoka 192.168.0.1 nisiyoijua. Wireshark ikanionyesha hata kampuni iliyotengeneza kifaa hicho, kwa kusoma anwani yake ya MAC, ile namba ya kiwandani. Nikachomoa kebo moja moja mpaka orofa ya tatu: kijana alinunua karauta kake akachomeka waya wa ukutani kwenye LAN (tundu la kugawa intaneti) badala ya WAN (tundu la kuipokea). Kila aliyepewa anwani na hako karauta alikuwa anaelekezwa ukutani. Na swichi yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

waya_mkavu
Hiyo ni DHCP, majibu yalitumwa kwa laptopu yako. Yeye anatafuta mlaji wa laini. Ni tofauti.

wakili_mstaafu
Ndugu mwenye saiba, wateja wako wanafungua benki hapo. Umewaambia utanasa pakiti zao? Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla ya kufungua mdomo wa papa huyo.

kibarua_wa_seva
Mzee, siku hizi karibu kila kitu ni HTTPS, yaani kimefungwa kwa siri. Ataona anwani za IP na jina la tovuti, basi.

wakili_mstaafu
Wewe ungependa niyajue majina ya tovuti zako?

saiba_roysambu
😂 Jamani. Nilisahau kusema, rauta ni MikroTik, hAP lite nyeupe.

waya_mkavu
Umetuzungusha mji mzima na funguo ziko mfukoni! Fungua Winbox, programu ya kuisimamia MikroTik, halafu Tools, kisha Torch. Chagua upande wa LAN, utaona kila anwani na inavuta kiasi gani. Ukitaka pakiti zenyewe, Packet Sniffer yake inazituma kwa Wireshark kwa njia iitwayo TZSP, poti 37008. Usinunue kitu.

saiba_roysambu
Nimeiona. Mashine ya 7 inavuta megabiti 9 na kiti hakina mtu.

kibarua_wa_seva
Windows inajisasisha.

pirika
Au kuna mtu anachimba sarafu hapo.

kibarua_wa_seva
Kuchimba kunakula umeme, si laini. Weka tcpdump uone.

pirika
Mama Kebo, yule wa orofa ya tatu alirudishiwa rauta yake?

mama_kebo
Alikuja kuidai kwa kelele. Akauliza pia mbona intaneti ya hosteli ni mbovu hivyo.