Idara ya uandishi ya Iowa: ilianzaje, na kazi yake hasa ni ipi?

Mwanagenzi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa pendekezo la kozi ya utunzi katika chuo ninachofundisha, na karibu kila ninayemwomba ushauri hunielekeza kwenye Warsha ya Waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Naomba kufahamishwa iliasisiwaje, na inatofautianaje na idara ya fasihi, kwa kuwa wakuu wangu wanashikilia kwamba idara ya fasihi tuliyo nayo inatosha.

Mhariri Mstaafu
Ndugu Mwanagenzi, anza na mwaka 1922, chuo hicho kilipotangaza kwamba kitapokea kazi za ubunifu kuwa tasnifu za shahada za juu. Kabla ya hapo mtu alipata shahada kwa kuchambua mashairi ya wengine, si kwa kutunga ya kwake. Warsha yenyewe iliundwa mwaka 1936 chini ya Wilbur Schramm, kisha mwaka 1941 ikashikwa na mshairi Paul Engle, aliyeiongoza kwa zaidi ya miaka 20 huku akibisha hodi kwa matajiri na wakfu mbalimbali kutafuta fedha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorejea nyumbani walijiunga kwa ufadhili wa serikali, na masomo yakafanyika katika mabanda ya bati ya kijeshi kando ya Mto Iowa. (Mwandishi wa hadithi Flannery O'Connor alihitimu hapo mwaka 1947, kwa hiyo wakuu wako wasisingizie uhaba wa majengo.)

Ufundishaji wake ni huu: mwanafunzi husambaza muswada mapema, wenzake huja wameusoma, nao huujadili darasani huku mwenyewe, kwa desturi, akisikiliza kimya. Warsha hiyo hukiri wazi kwamba uandishi haufundishiki, ila waandishi huweza kutiwa moyo. Ndiyo maana nguvu zake nyingi huziweka katika kuteua wenye kipaji na kuwapa muda wa kuandika.

Msomaji wa Nairobi
Naongeza jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Taban lo Liyong alihitimu katika warsha hiyo mwaka 1968, na tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo, akiwa Nairobi pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, alitia saini waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha huko ifutwe na mahali pake pawe na idara inayoiweka fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, katikati ya masomo. Idara ya Fasihi ikazaliwa. Hata hivyo, waraka ule ulishughulikia hasa kinachopaswa kusomwa. Suala la mwanafunzi kupewa shahada kwa diwani au riwaya yake ni jingine, na hapo ndipo wakuu wako wanapochanganya mambo.

Ile desturi ya ukimya, kwa maoni yangu, usiichukue. Washairi wa Kiswahili wamezoea kujibizana, hata magazetini, na anayekosolewa hujibu kwa beti.

Mwanagenzi
Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Kifungu cha kwanza cha pendekezo sasa kitahusu muswada kuhesabiwa kuwa tasnifu, na mtunzi atapewa nafasi ya kujibu baada ya wenzake kumaliza kusema.