Mrejesho: Nilichukua BLAD ya ng'ombe wa Friesian

Wakuu, niliomba ushauri wa ugonjwa wa kurithi wa wanyama kwa ajili ya presentesheni ya baiolojia. Wengi mlipendekeza hemofilia (damu kutoganda) ya mbwa, mmoja akataja BLAD, ugonjwa wa kurithi wa ng'ombe unaofanya chembe nyeupe za damu zishindwe kupambana na maambukizi. Nimeichukua hiyo, namshukuru sana.

Inafundisha mno. Herufi moja tu ya DNA imebadilika, A ikawa G, na protini ya CD18 inaharibika. Bila protini hiyo, chembe nyeupe haziwezi kujishika kwenye ukuta wa mshipa na kutoka kwenda penye maambukizi. Kwa hiyo damu ya ndama imejaa chembe nyeupe, na bado nimonia na vidonda vya mdomoni vinammaliza! Hapo ndipo maswali ya wenzangu yalipoanza.

Jeni yenyewe ni fifi, yaani ndama huugua akiirithi kwa baba na kwa mama; mbebaji, mwenye nakala moja tu, anaonekana mzima kabisa. Ndiyo maana fahali mmoja wa Marekani, Osborndale Ivanhoe, aliyezaliwa 1952, aliisambaza nchi nyingi kupitia uhimilishaji. Badiliko lenyewe lilitambuliwa 1992, na leo madume ya mbegu hupimwa.

Mwalimu aliuliza wabebaji wawili wakipandana itakuwaje. Nikachora mraba wa Punnett, jedwali la kuonyesha jeni za wazazi zinavyoweza kuungana: kila ndama ana uwezekano wa robo kuugua.

Anayetafuta mada, aichukue hii. Friesian wamejaa kwetu, mfano hauko mbali.