Mafundi acheni kupima taimingi belti kwa tochi, mnaua injini za watu!

Wakuu, leo sirembi.

Gari inavutwa kwa kamba mpaka gereji. Imezima ghafla ikiwa mwendoni, na ukipiga selfu injini inazunguka chee, kama haina mzigo. Taimingi belti, ule mkanda wa meno unaotoka kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenda kuzungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu, yaani vilango vya hewa na moshi), imekatika. Muulize fundi aliyeigusa mara ya mwisho: "Niliicheki bosi, haikuwa na nyufa."

Nani kawaambia nyufa ndiyo kipimo? Mpira wa belti za siku hizi haupasuki kirahisi. Kinachochoka ni nyuzi za ndani na mashina ya meno, na huko tochi haifiki. Kipimo ni kilomita na miaka, chochote kitakachotangulia, kama kitabu cha gari kilivyoandika. Nyingi huangukia kati ya kilomita 80,000 na 160,000. Gari ya mtumba isiyo na rekodi? Hesabu kwamba muda umeshaisha, badilisha. Na foleni mnaisahau: odometa imesimama, belti inazunguka. (Wenye injini za cheni, hii haiwahusu.)

Ikikatika, kamshafti inasimama na baadhi ya valvu zikiwa wazi, huku pistoni bado zinapanda. Dizeli karibu zote, na petroli nyingi, hazina nafasi ya kupishana hapo: valvu zinapinda, hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa. Halafu kuna anayeendelea kupiga selfu "labda itawaka". Unamalizia zile valvu zilizokuwa zimepona!

Kinachokera zaidi ni kubadilisha belti peke yake. Tenshena (inayokaza belti), aidla (puli inayoiongoza), sili za krenki na kamshafti (zinazozuia oili isivuje), na pampu ya maji kama inaendeshwa na belti hiyohiyo, vyote viko nyuma ya kava lilelile mlilokwisha kulifungua. Zungusha aidla kwa kidole: ikikwaruza au ikicheza, beringi imekwisha, na ikija kujam belti mpya itatafunwa. Sili ikivuja, oili inalainisha mpira na meno yanang'oka. Mnamwokoa mteja hela kidogo leo ili alipe ovahoo kesho?

Tena, alama za taimingi, zile za kwenye puli za krenki na kamshafti. Mkishafunga na kuchomoa pini ya tenshena (zile za haidroliki), zungusheni krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili, upande ambao injini huzungukia. Miwili kwa sababu krenki ikienda mara mbili, kamshafti inaenda mara moja. Alama zote zirudi mahali pake. Ikikaza ghafla njiani usilazimishe, hapo valvu inagusa pistoni. Belti ikiruka jino moja injini inatetemeka na kukosa nguvu, nanyi mnaanza kumuuzia mtu plagi na koili!

Wenye magari, daini vifaa vya zamani mkononi, na fundi aandike kilomita na tarehe juu ya kava kabla hajafunga boneti.